Mtoto Mchanga Baada ya Nusu Kaputi: Ukimya Wake Si Nafuu

Mtoto anapopangiwa upasuaji, ndugu na majirani huuliza habari za kisu: kitapita wapi, daktari ni nani, damu itahitajika kiasi gani. Ni nadra mtu kuuliza mama atafanya nini jioni ya siku hiyo, mtoto akiwa amekwisha kurudishwa wodini, ganzi ikianza kuisha, nesi akiwa na wagonjwa wengine wa kuwahudumia na mwenye kidonda akiwa bado hana maneno ya kusema panapomuuma. Nimeyapitia hayo na kijana wangu, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena akiwa na miezi mitano, na ninaandika kwa ajili ya mzazi ambaye tarehe yake inakaribia. Mengi nitakayoyasema yanarudi kwenye jambo moja: mtoto mchanga aliyetoka kwenye nusu kaputi hasomwi kwa kilio peke yake, na kunyamaza kwake si ushahidi kwamba haumwi.

Kijana wetu alizaliwa njiti, katika wiki ya 33, na kwa watoto wa namna hiyo ngiri ni jambo la kawaida. Korodani za mtoto wa kiume huanzia tumboni na kushuka katika miezi ya mwisho ya ujauzito kupitia njia ndogo iliyoko kinenani. Njia hiyo hupaswa kuziba yenyewe, lakini anayezaliwa kabla ya wakati mara nyingi huzaliwa nayo ikiwa bado wazi, na kipande cha utumbo hupata mahali pa kupenyea. Uvimbe hutokea anapolia au kujikamua, kisha hupotea akilala, na ndiyo maana wazazi wengi huku kwetu huuacha wakisema kwamba ni mshipa tu na utaisha akikua. Ngiri ya kitovu ndiyo ambayo kweli huisha yenyewe kwa watoto walio wengi kabla hawajatimiza miaka mitano, wala haihitaji kufungiwa sarafu. Ngiri ya kinena haizibi, na hatari yake kwa mtoto mchanga ni utumbo kunaswa na kukosa damu. Hapo upasuaji uliokuwa upangwe kwa utulivu hugeuka kuwa wa dharura, usiku wa manane, kwa mtoto aliyekwisha kutapika na kuishiwa maji mwilini. Kwa hiyo tulipoandikiwa rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, hatukusita. Watu wa Sengerema, Geita, Ukerewe na Musoma wanaijua njia hiyo vizuri, kwa kuwa hospitali ile iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake ni ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa.

Kupona kwa mtoto huanza kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Mara ya kwanza tulirudishwa nyumbani kwa sababu alikuwa na mafua, na mume wangu, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini, hakufurahi hata kidogo. Mtaalamu wa usingizi alitueleza kwa subira kwamba njia ya hewa ya mtoto mwenye mafua hubaki na hasira kwa wiki kadhaa, hata baada ya kamasi kukauka, na inaweza kujifunga ghafla wakati wa kuingiza au kuchomoa mpira wa kupumulia. Ninasema bila kusita kwamba mzazi anayeficha mafua ya mtoto ili asipoteze nafasi yake anamtafutia mtoto hatari kubwa kuliko ngiri yenyewe. Alipimwa pia wingi wa damu na selimundu, kwa kuwa ukanda wetu huu ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na mwenye selimundu akipata baridi, akikaukiwa maji au akipungukiwa oksijeni akiwa usingizini anaweza kuamkia kwenye maumivu makali ambayo hayatokani na kisu.

Kuhusu kufunga kula, kanuni iliyozoeleka ni kwamba maziwa ya mama husimamishwa muda wa saa 4 kabla ya dawa ya usingizi, maziwa ya kopo na uji muda wa saa 6, na maji matupu muda wa saa 2. Sababu yake ni kwamba nusu kaputi huilaza pia ile nguvu ya koo ya kuzuia chakula kisiingie kwenye mapafu. Lakini kufunga kupita kiasi nako hakuna fadhila. Kina mama wengi huacha kunyonyesha tangu jioni kwa hofu, na mtoto huingia chumba cha upasuaji akiwa amekauka midomo na sukari ya damu imeshuka, jambo linalomfanya aamke mnyonge na mwenye hasira. Uliza saa yake ya mwisho ya kunyonya, tega kengele ya simu, umwamshe umnyonyeshe hata kama amelala fofofo.

Alipotolewa nilimkuta katika chumba cha kuamkia, amefunikwa blanketi hadi kidevuni, kipimo cha oksijeni chenye taa nyekundu kimebanwa kwenye kidole gumba cha mguu, na mkono wa kushoto umenyoshwa juu ya kipande cha boksi la dripu kilichozungushiwa plasta ili kanula, yaani kijibomba cha dripu kilichoko mshipani, isichomoke. Kope zilikuwa na alama ya gundi, kwa maana macho hufungwa yasikauke wakati wa usingizi. Alipofungua kinywa kulia, sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, nyembamba, na nusura niseme kwamba nimepewa mtoto wa mwingine. Sauti hiyo hutokana na mpira uliopitishwa kooni, na hurudi yenyewe baada ya siku moja au mbili. Lisilo la kawaida ni mluzi mkavu wakati wa kuvuta pumzi, au kikohozi kinachofanana na kubweka, ambavyo huonyesha kwamba koo limevimba ndani; hali hiyo hujitokeza zaidi katika saa za mwanzo, na nesi anapaswa kuambiwa papo hapo, asingojewe apite.

Kisha kuna kilio cha kuamka, ambacho hakuna aliyekuwa amenionya kuhusu ukali wake. Dawa za usingizi haziachii sehemu zote za ubongo kwa wakati mmoja, hivyo mtoto hufungua macho kabla hajajua yuko wapi: hujinyosha, hurusha kichwa, hukataa titi, hamtambui mama yake. Hali hiyo huweza kuchukua nusu saa au zaidi kidogo, kisha hupita yenyewe. Aliyepewa ketamini, aina mojawapo ya dawa ya usingizi, huweza pia kutokwa na mate mengi na kuchezesha mboni za macho huku na huku. Katika muda huo mama hana kazi ila kumpakata kifuani, ngozi kwa ngozi ikiwezekana, na kuzungumza naye kwa sauti ileile anayoizoea kila siku, kwa sababu kusikia hurudi mapema. Kumtikisa, kumpitisha mikono kwa mikono au kumwimbia kwa sauti kubwa humwongezea tafrani. Chumba cha upasuaji humpoza mtoto, kwa kuwa mwili mdogo hupoteza joto upesi na dawa za usingizi humzuia asijipashe moto. Kwa hiyo kofia na soksi, ambazo kwa kawaida mjini Mwanza ni pambo, siku hiyo ni dawa.

Kunyonya kwa mara ya kwanza hakuna haja ya kuharakishwa wala kucheleweshwa. Daktari wetu alitaka tu kuona mtoto ameamka kweli, anameza mate yake na anageuza kichwa kutafuta titi. Nilimnyonyesha kwa vipindi vifupi, kichwa kikiwa juu, nikimpumzisha na kumcheulisha. Akitapika mara moja au mbili maziwa meupe, hilo linavumilika. Matapishi ya kijani ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa rangi ile ni ya nyongo na inaweza kumaanisha kwamba utumbo umeziba; hapo hakuna cha kujadili na bibi wala jirani. Baada ya maziwa, angalia mkojo. Nepi ya kwanza yenye mkojo ilinipa matumaini kuliko neno lolote la pongezi, kwa sababu figo hazikojozi mwili uliokauka.

Kwa kuwa alizaliwa njiti, hatukuruhusiwa kuondoka siku hiyo, ingawa watoto wengine wenye ngiri kama yake walikuwa wakirudi nyumbani jioni. Kituo cha pumzi katika ubongo wa njiti hukomaa polepole, na dawa za usingizi huweza kumfanya asahau kupumua kwa sekunde kadhaa hata baada ya kuonekana ameamka sawasawa. Wataalamu wengi humhesabia umri kuanzia mwanzo wa mimba badala ya siku ya kuzaliwa, na akiwa hajatimiza wiki 60 kwa hesabu hiyo humlaza usiku kucha akiwa na kipimo cha pumzi na oksijeni. Wa kwetu alikuwa na wiki kama 54. Nilifurahi kujifunza kwamba dawa inayotumika sana kuwaamshia watoto njiti pumzi zao ni kafeini, ileile iliyomo ndani ya kahawa wanayolima ndugu zetu wa Kagera ng'ambo ya ziwa. Lakini hospitalini hupimwa kwa miligramu, na hakuna mzazi anayepaswa kumnywesha mtoto kahawa kwa sababu ya habari hii.

Sasa nifike jioni ile. Akiwa bado usingizini, alichomwa ganzi chini kabisa ya uti wa mgongo, karibu na kifandugu, ili sehemu ya chini ya mwili isihisi maumivu. Ni huduma nzuri sana: hupunguza kiasi cha dawa ya usingizi kinachohitajika, na mtoto huamka akiwa hasikii kidonda. Miguu yake huwa milegevu kwa muda, jambo ambalo humtisha asiyeelezwa. Ganzi hiyo hudumu kwa saa chache, kwa kawaida kati ya saa 4 na 6, kisha huondoka. Ndiyo kusema kwamba mtoto aliyepasuliwa saa nne asubuhi atakuwa na mchana wa raha na jioni ya taabu, na mzazi aliyedanganywa na raha ya mchana atakuwa amekwisha kuiweka chupa ya dawa kwenye mkoba.

Mama mkwe wangu alikuwa amevuka kutoka Ukerewe kuja kunisaidia, na jua lilipoanza kuzama alikuwa ameketi pembeni ya kitanda akimtazama mjukuu wake. "Mwanangu, mwache mume wangu alale, ametulia," aliniambia kwa upole. Kweli hakuwa akilia. Lakini nyusi zilikuwa zimekutana katikati ya paji la uso, magoti yalikuwa yamevutwa tumboni, ngumi zilikuwa zimefumbwa hadi vifundo vikapauka, na nilipompa titi alivuta mara mbili akaliachia, akageuza uso, akatoa mguno mfupi. Mtoto mwenye njaa huling'ang'ania titi, na mtoto mwenye usingizi huliachia huku mwili wake umelegea. Huyu aliliachia huku mwili umekakamaa. "Mama, hajalala huyu, anaumwa," nilimjibu, nikamwita nesi.

Nesi hakuniuliza kama amelia. Alimtazama uso, akamtazama miguu, akatazama anavyojinyonganyonga, akasikiliza mguno wake, mwisho akambembeleza aone kama atatulia. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akitumia kipimo kinachojulikana kwa jina la FLACC, ambacho wataalamu wa Michigan nchini Marekani walikichapisha mwaka 1997 kwa ajili ya watoto wasioweza kusema. Mambo hayo matano, yaani uso, miguu, mjongeo wa mwili, kilio na kubembelezeka, kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla ya juu kabisa ni 10. Ikifika 4 maumivu si madogo tena na yanastahili kutibiwa. Tazama jinsi kilio kilivyopewa sehemu moja tu kati ya tano. Mama yeyote anaweza kuvitazama vitu hivyo bila kifaa chochote, na kwa maoni yangu vingefaa kufundishwa kliniki pamoja na chanjo na lishe.

Dhana ya kwamba mtoto mchanga "hasikii sana" maumivu haikuwa ya vijijini peke yake. Hadi miaka ya 1980 wapo madaktari wa Ulaya na Marekani waliowapasua watoto njiti kwa kuwapa dawa ya kulegeza misuli na dawa kidogo sana ya maumivu, au wasiwape kabisa, wakiamini kwamba neva zao hazijakomaa. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji wa moyo walikuwa na homoni chache za mfadhaiko na matatizo machache baada ya upasuaji kuliko wale ambao hawakupewa. Mtoto asiyetulizwa maumivu hapumui kwa kina, hanyonyi vya kutosha, na mapigo ya moyo wake hukimbia. Kwa hiyo dawa ya maumivu ni sehemu ya matibabu, wala haifai kuhesabiwa kama anasa ya mtoto anayedekezwa.

Dawa yenyewe ni ya kawaida kabisa, parasetamo ya maji, na siri yake iko kwenye saa. Tuliandikiwa kumpa kila baada ya saa 6 kwa siku mbili za mwanzo, alie asilie, kwa sababu ukingoja maumivu yafike kileleni ndipo umpe, unahitaji muda mrefu zaidi kuyashusha. Mume wangu aliweka kengele katika simu yake na kuandika kila dozi nyuma ya kadi ya kliniki, na hiyo ndiyo kazi bora ambayo baba anaweza kuifanya katika siku hizo, maana mama asiyelala hupoteza hesabu. Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Wa kwetu alikuwa na kilo 6, chupa yetu ilikuwa na miligramu 120 katika kila mililita 5, na daktari akaandika mililita 3.5, ambazo ni miligramu 84. Kijiko cha chai hakiwezi kukupa mililita 3.5. Tulipewa bomba la sindano lisilo na sindano, tukavuta dawa hadi kwenye mstari, tukagonga bomba kwa ukucha ili mapovu yapande juu, kisha tukamtilia kidogo kidogo kwa ndani ya shavu, si kooni moja kwa moja. Zipo dukani chupa ndogo za matone zenye dawa nzito mara kadhaa kuliko hiyo, na anayebadilisha chupa bila kusoma maandishi yake huweza kumzidishia mtoto na kumwumiza ini.

Tuliulizwa pia, na watu wenye nia njema, kwa nini hatumpi kitu chenye nguvu zaidi. Aspirini haimfai mtoto. Ibuprofeni haitumiki kwa watoto walio chini ya miezi mitatu, na kwa wenye umri wa juu ya hapo ni daktari anayeamua. Kodeini, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kikohozi, wapo watu ambao miili yao huigeuza upesi kuwa mofini nyingi, na wapo watoto waliokufa kwa kushindwa kupumua. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema isitumike kabisa kwa walio chini ya miaka 12, na ikawashauri kina mama wanaonyonyesha nao wasiitumie. Titi lenyewe ni dawa ya maumivu isiyo na kipimo: kunyonya, joto la mama na utamu wa maziwa humpunguzia mtoto maumivu, hata wakati wa kuchomoa ile plasta ya kanula.

Nyumbani kwetu ni Kirumba, si mbali na mwalo wa dagaa, na siku tulipotoka hospitali wageni walikuwa wamefika kabla yetu. Nilimwomba mama mkwe awapokee barazani, na alilifanya hilo kwa heshima yote, akiwaeleza kwamba mtoto amekatazwa watu wenye mafua. Jiko la mkaa lilihamishiwa uani, kwa kuwa koo lililotoka kupitishwa mpira halivumilii moshi. Kidonda kilikuwa kifupi kuliko kidole changu kidogo, kimeshonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka, na maelekezo yalikuwa kukiacha kikavu. Nepi tuliikunja chini yake isikiguse, na tuliibadilisha upesi kila ilipolowa. Hatukukipaka majivu, dawa ya meno, mafuta wala majani, na mama mkwe wangu, ambaye anazijua dawa za mitishamba kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, alikubali mara moja alipoelezwa kwamba ngozi hiyo imekwisha kufungwa na inachohitaji ni kuachwa. Siku za mwanzo tulimfuta mwili kwa kitambaa na maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya ziwa, ambayo watu wa mwambao wetu huyaogea tangu utoto, hayana nafasi karibu na kidonda, kwa uchafu wake na kwa kichocho chake.

Mfuko wa korodani ulivimba na kugeuka rangi kidogo, kama daktari alivyotangulia kutuambia, ukapungua siku baada ya siku. Mbeleko ndiyo iliyozua mjadala. Mtoto anapobebwa mgongoni hutanua miguu na kinena hubanwa dhidi ya mgongo wa mbebaji, kwa hiyo tuliambiwa tumbebe mikononi hadi tutakaporudi kliniki. Kwa mwanamke anayepika, anayefua na kuteka maji peke yake, agizo hilo si dogo, na ninadhani wanaolitoa wangepaswa kuuliza kwanza nyumbani kuna mikono mingine mingapi.

Homa kidogo katika siku moja au mbili za mwanzo huweza kutokana na mwili kujibu upasuaji wenyewe. Huku kwetu, hata hivyo, homa haina jina moja. Malaria haisubiri kidonda kipone, na mtoto akifika nyuzi 38 ni lazima apimwe, chandarua kikiwa kimening'inizwa tangu usiku wa kwanza. Kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu hata saa haifai kupotea. Mpeleke pia hospitali bila kuchelewa akipumua haraka, yaani mara 50 au zaidi kwa dakika kwa mwenye miezi miwili hadi kumi na miwili, au kifua kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya kabisa, au kidonda kikiwa chekundu, cha moto na chenye usaha, au akiwa mzito kuamka.

Swali lililonisumbua kuliko yote lilikuwa la akili yake, maana nilikuwa nimesikia kwamba nusu kaputi humfanya mtoto awe mzito darasani. Kwa bahati, jambo hilo limechunguzwa kwa watoto wenye ngiri hii hasa. Katika utafiti uliofanyika kwenye nchi saba, zikiwemo Australia, Italia na Marekani, watoto wachanga 722 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipasuliwa wakiwa macho kwa ganzi ya mgongoni, wengine kwa nusu kaputi ambayo kwa kawaida haikufika saa nzima. Matokeo ya walipotimiza miaka mitano yalichapishwa mwaka 2019, na wastani wa alama za akili ulikuwa karibu sawa, takriban 99 kwa kila upande. Tahadhari iliyotolewa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2016 inahusu watoto walio chini ya miaka mitatu wanaopewa nusu kaputi kwa zaidi ya saa 3 au mara kwa mara. Kwa hao mzazi azungumze na daktari kuhusu muda unaofaa, na kama upasuaji hauwezi kungoja, asiukimbie.

Kilichobadilika kwa muda ni tabia. Aliyekuwa akilala usiku mzima alianza kuamka kila mara, akilia nikienda hata uani, na alinyonya usiku kuliko mchana. Hali hiyo huwapata watoto wengi baada ya hospitali na hudumu kwa wiki mbili hivi, wakati mwingine zaidi. Sikuona sababu ya kumfunza nidhamu ya usingizi katika wakati huo. Nilimlaza karibu nami, taa ikiwa hafifu, na mchana mama mkwe aliniletea supu ya sato na uji wa ulezi na kuniamuru nilale, kwa kuwa maziwa ya mtoto hutengenezwa na mwili ambao nao unahitaji kula.

Tulipopanda tena kilimani kwa ajili ya kliniki, daktari aligusa kovu, akakagua kama korodani zote mbili ziko mahali pake, akangoja mtoto alie ili aone kama kuna kitu kitakachochomoza. Upande wa kulia, uliopasuliwa, ulikuwa imara, na mbeleko ikaruhusiwa. Alitueleza kwamba watoto wachache huja kupata ngiri ya upande wa pili, na njiti wakiwa wengi miongoni mwao, kwa hiyo kila ninapombadilisha nepi ninautazama upande wa kushoto. Ukitokea uvimbe unaokuja akilia na kupotea akitulia, tutaomba miadi na kusubiri zamu yetu. Ukiwa mgumu, usiorudi ndani, na mtoto anatapika, hatutaomba miadi. Tutachukua bajaji saa hiyohiyo, mchana au usiku, tukiwa na kadi yake yenye majina ya dawa alizopewa, uzito wake na saa ya mwisho aliponyonya.